NANI KAKWAMBIA UMEIONA GALAKSI?

Nianze kwa kukiri kosa, maana mhakiki anayeficha makosa yake hana haki ya kufichua ya wenzake.

Katika muswada wa riwaya yangu (ule ambao washikaji wa kijiweni wanauita "riwaya ya milele" kwa kuwa hauishi) kuna sura ambamo kijana Sefu anapanda juu ya paa la nyumba ya kupanga, anachungulia kwenye darubini aliyojitengenezea mwenyewe, na galaksi inamjia usoni ikiwa na rangi ya zambarau na dhahabu, inazunguka kama pia. Nilipoisoma sura hiyo katika kikao chetu cha Jumamosi watu walipiga makofi. Kichwa kikavimba. Mzee mmoja, fundi redio, ambaye kwa kweli alikuja kumfuata mwanawe tu, akanyoosha mkono kutoka benchi la nyuma.

"Kijana wangu, hiyo galaksi uliiona wapi?"

"Kwenye kalenda, mzee," nikajibu.

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nimfuate kwake, akanionyesha darubini yake: bomba la plastiki la maji machafu, lenzi moja ya miwani ya kusomea iliyokatwa duara, na kipande cha kuchungulia alichokitoa kwenye kamera mbovu. Novemba ilipofika tukatoka nje ya mji, upande wa Kisarawe, mbali na taa. Akaielekeza darubini kaskazini. Nikachungulia.

Nikaona ukungu. Basi. Kijidoa cha kijivu, kama mtu kapulizia pumzi kwenye kioo akaenda zake. Ile ilikuwa galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka-nuru kama milioni 2.5, na mimi nilikuwa nimeahidiwa zambarau na dhahabu!

Ndugu msomaji, tofauti kati ya ukungu ule na kalenda ile ndiyo mada ya makala haya. Najua wapo watakaoguna: "Jamani, uhakiki wa picha za nyota katika gazeti la fasihi?" Naam. Tulifundishwa shuleni kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba msanii hufaulu au hushindwa. Mtu anapojitengenezea darubini na kupiga picha ya kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, anafanya kazi ile ile tunayojidai kuifanya sisi tunaotunga hadithi. Basi na ahakikiwe kama sisi.

MCHORO WA BIRR, 1845

Kazi ya kwanza si picha bali ni mchoro. Mchoraji ni William Parsons, Earl wa tatu wa Rosse, tajiri wa Birr huko Ayalandi, mji ambao siku hizo ukiitwa Parsonstown. Huyu bwana alijenga darubini uani kwake. Usidhani ni bomba la plastiki! Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 72, karibu mita 1.83, kimeyeyushwa kwa shaba na bati, na kilikuwa na uzito wa tani 3 hivi. Bomba lake lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa, limening'inizwa kwa minyororo kati ya kuta mbili za mawe. Hakuna darubini iliyoizidi kwa upana wa kioo hadi ile ya inchi 100 ya Mount Wilson, Marekani, ilipoanza kazi mwaka 1917.

Mwaka 1845 Rosse aliielekeza darubini hiyo kwenye wingu dogo ambalo wataalamu huliita M51. Waliomtangulia hawakuwa wamelitambua umbo lake. Yeye aliona mikono inayojisokota kama gamba la konokono, na pembeni wingu dogo la pili limeng'ang'ania ncha ya mkono mmoja. Akalichora. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kulitambua umbo hilo kwenye mawingu ya mbinguni.

Kwa nini hakupiga picha? Mkewe, Mary Rosse, alikuwa mpiga picha hodari miongoni mwa wa mwanzo kabisa nchini kwao, hivyo ufundi haukuwa mbali. Tatizo ni kwamba dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, na zile kuta mbili ziliiachia darubini nafasi ndogo tu ya kulifuata wingu kabla halijapita. Tena mabamba ya picha ya siku hizo yalikuwa mazito wa kuelewa mwanga hafifu. Ikabidi jicho lione, mkono ukumbuke.

Tuupime mchoro huu. Ukiuweka kando ya picha ya leo ya M51, umbo ni lile lile: mikono ipo, yule mdogo wa pembeni yupo. Hapo amefaulu kuliko nilivyotarajia. Lakini mistari yake ni safi mno. Mkono umeukamilisha mzingo pale ambapo jicho lilikuwa likibahatisha. Hii ni tabia ya waandishi pia: tukishagundua umbo la hadithi, tunalinyoosha kila mahali, hata pale ambapo maisha yamepinda.

Kuna jambo jingine ambalo mhakiki wa enzi za walimu wetu asingeliacha lipite, nami siliachi. Tunasema darubini "ilitengenezwa nyumbani". Nyumbani kwa nani? Fedha nyingi zilitoka kwenye urithi wa Mary. Mikono iliyochochea tanuri na kuling'arisha lile sahani la shaba ilikuwa ya wafanyakazi wa shamba lake, ambao Rosse aliwafundisha kazi hiyo pale pale. Mchoro una jina la bwana mmoja. Na mwaka huo huo wa 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi, njaa ikafuata, watu wapatao milioni moja wakafa. Uangaliaji wa nyota ulisimama kwa muda kwa sababu mwenye darubini alikuwa na ya kushughulikia duniani. Simlaumu kwa njaa. Nasema tu kwamba anayesifia kazi iliyofanywa "kwa mikono mitupu" aulize mikono hiyo ni ya nani.

PICHA YA MAGHULL, 1888

Kazi ya pili ni ya Isaac Roberts, na kwa kweli huyu ndiye ninayempenda. Alizaliwa Wales mwaka 1829, akajifunza ujenzi tangu ujana, akawa mkandarasi wa majengo mjini Liverpool. Si profesa. Alipopata fedha alinunua darubini yenye kioo cha inchi 20 kutoka kwa Howard Grubb wa Dublin, akaisimika nyumbani kwake Maghull. Kwa hiyo kioo hakukisugua yeye, tuwe wakweli. Lakini kazi ya kuiongoza darubini usiku, kuishikilia nyota isiteleze wakati bamba la kioo lenye dawa linakunywa mwanga kidogo kidogo, hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani.

Mwaka 1888 aliipiga picha Andromeda kwa kuliacha bamba wazi kwa saa kadhaa. Hapa ndipo kamera inapolishinda jicho. Jicho haliweki akiba: mwanga wa sasa hivi ndio unaouona, wa dakika iliyopita umeshapotea. Bamba linaweka. Kila chembe ya mwanga inayoanguka inabaki pale, hadi ukungu unatoa mbavu. Al-Sufi, mwanafalaki wa Isfahan, aliandika habari za kile kiwingu katika kitabu chake cha mwaka 964, na kwa zaidi ya miaka 900 baada yake kilibaki kiwingu. Picha ya Roberts ikaonyesha mistari ya giza inayoizunguka nuru, tabaka baada ya tabaka. Ukiitazama leo huihitaji maelezo: hii ni galaksi, imeinama ubavu.

Lakini mwenyewe alisema ni nini? Alisema ni mfumo kama wa jua letu unaozaliwa! Siku hizo wasomi wengi walifuata wazo la Laplace kwamba jua na sayari zake zilitokana na wingu la gesi linalozunguka na kuacha pete. Roberts aliona mistari, akasoma pete. Aliona wingu dogo la pembeni, akasoma sayari inayojiunda. Jambo lenye mabilioni ya nyota akalipunguza likawa familia moja ya jua na watoto wake.

Mnaona maajabu hayo? Picha ilisema kweli, maelezo ya chini ya picha yakakosea. Nami nauliza: ni hadithi ngapi zetu zimeharibika namna hii? Mwandishi anatupa tukio zuri, mama anahesabu sarafu za nauli mara tatu kabla ya kumpa mtoto, tunalielewa, linatuuma. Halafu mwandishi anaingia kutueleza: "Hivyo ndivyo umaskini unavyowatesa Waafrika." Basi, kishaiua. Roberts angenyamaza, picha yake ingekuwa sahihi hadi leo. Na kwa kuwa picha ilikuwa kweli, kosa lake lilirekebishika. Picha ya uongo haisahihishwi na mtu yeyote, unaitupa tu.

Sahihisho lilikuja mwaka 1923, pale Edwin Hubble, kwa ile darubini ya inchi 100, alipopiga picha ya Andromeda usiku wa Oktoba na kuona humo nyota inayopungua na kuongezeka mwanga. Kwenye bamba lake alifuta herufi N aliyokuwa ameiandika mwanzo, akaandika VAR na alama ya mshangao. Nyota za aina hiyo zilikuwa zimeshapewa kipimo na Henrietta Leavitt mwaka 1912. Leavitt alikuwa akipekua mabamba ya picha huko Harvard, picha za Wingu Dogo la Magellan, ambalo sisi wa pwani hii tunaweza kuliona kusini kwa macho matupu tukikimbia taa za mji. Kwa kipimo chake Hubble alijua kwamba Andromeda iko mbali sana nje ya galaksi yetu. Wingu lilikuwa lile lile. Msomaji ndiye aliyebadilika.

FANI: MBAO MBILI NA BAWABA

Sasa tuje kwa wale ambao kweli wanasugua kioo wenyewe. Mfano ni George Ritchey, Mmarekani aliyetoka kwenye ufundi wa mbao na kuwa mwalimu wa useremala Chicago. Alijifunza kusugua vioo nyumbani, na mwaka 1901 akapiga picha ya Andromeda, huko Yerkes, kwa kioo cha inchi 24 alichokitengeneza. Picha hiyo ilichapwa vitabuni kwa miaka mingi.

Kusugua kioo si uchawi. Unachukua vipande viwili vya kioo kinene vya duara, unaweka unga wa msasa na maji katikati, unasukuma cha juu mbele na nyuma huku ukikizungusha. Saa nyingi. Cha juu kinachimbika, cha chini kinavimba. Kisha unapima kwa taa na wembe, njia aliyoibuni Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858, hadi kosa lisizidi takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Taa na wembe, basi! Sijui kama tunayo ala yenye ukali huo ya kupimia aya zetu.

Na kama huna kioo, unaweza kuanza na kamera ya kawaida juu ya mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Bolti yenye hatua ya milimita 1 unaiweka milimita 229 kutoka kwenye bawaba, unaizungusha mara moja kila dakika, ubao wa juu unainuka kwa mwendo ule ule ambao dunia inazunguka. Sharti bawaba ielekee kwenye ncha ya mbingu. Wenzetu wa Ulaya wanaiinamisha bawaba juu sana. Sisi wa Dar es Salaam, nyuzi 7 tu kusini ya ikweta, inalala karibu usawa na ardhi. Hili nililipata kwa yule mzee, hesabu tukaifanya kwenye gamba la boksi la viatu.

Leo bamba la kioo limebadilishwa na kamera ya dijitali, na ufundi umekuwa wa namna nyingine. Mtu hapigi picha moja ya saa nne. Anapiga picha 100 za dakika moja moja, kisha kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine. Kilichomo kweli kinabaki palepale katika kila picha. Chenga zinarukaruka ovyo, na kwa picha 100 zinafifia mara 10. Halafu kuna hatua iliyonistaajabisha kuliko zote: anafunika kamera kwa kifuniko na kupiga picha za giza tupu. Za nini? Za kujua makosa ya kamera yake mwenyewe, vile vidoa inavyovizusha hata pale ambapo hakuna kitu. Akishavijua, anavitoa kwenye picha.

Waandishi wenzangu chipukizi, nani kati yetu amewahi kupiga picha ya giza lake? Mimi nilikaa nikaisoma miswada yangu mitatu na kuandika pembeni yale yanayojirudia bila sababu. Nyota zangu zote "zinameremeta kama almasi". Sijawahi kushika almasi. Wasichana wangu wote wana shingo ya twiga. Mvua yangu kila ikinyesha mtu analia. Hivyo ni vidoa vya kamera yangu, haviko mbinguni.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Sasa hukumu. Zile rangi za kwenye kalenda ni uongo? Hapa tulibishana sana na yule mzee, na mwishowe nikamkubalia nusu. Rangi ya bluu pembeni ya Andromeda ipo: ni nyota changa za moto mkali. Umanjano wa katikati upo: ni nyota za zamani. Jicho halizioni kwa sababu kwenye giza jicho letu halitambui rangi. Kuzitoa ni halali, kama vile mwandishi anavyotoa sauti ya mtu aliyenyamaza. Upana nao ni wa kweli: Andromeda yote ingeonekana, ingekuwa pana mara 6 kuliko mwezi mpevu.

Lakini kuna mpaka. Kutoa kilichomo ni sanaa. Kutia kisichokuwamo ni utapeli. Yupo anayekoleza zambarau hadi galaksi inaonekana kama kitambaa cha sare ya harusi. Zipo programu siku hizi zinazonoa picha kwa kubahatisha, zikijaza undani ambao kamera haikuupata kwa sababu zimeuona kwenye picha za watu wengine. Hapo mpiga picha anatuonyesha galaksi ya jirani na kusema ni yake. Ni sawa na mtu anayeandika riwaya ya mateja wa Manzese kwa kunakili aliyoyasoma katika riwaya ya mateja wa Manzese. Inang'aa, sentensi zimenyooka, na ndani hamna mtu.

Wengine watanijibu: "Wewe unadai ukweli, sisi hatuna hata darubini. Hatuna chuo, hatuna mchapishaji." Nakuelewa, nami niko kwenye foleni hiyo hiyo. Lakini nikutajie Milton Humason. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa anaongoza nyumbu waliobeba vifaa kupanda Mount Wilson. Baadaye akawa mfagizi pale pale, kisha msaidizi wa usiku, na mwaka 1919 akaajiriwa rasmi katika uangalizi. Ndiye aliyepima mwanga wa galaksi nyingi zile ambazo kazi yake na Hubble ilionyesha kwamba zinakimbiana. Simtaji ili tujidanganye kwamba shule haina maana, la hasha. Kiliopandisha jina lake ni kwamba mabamba yake yalikuwa safi. Darubini ya kujitengenezea inastahili heshima, ila haiwi udhuru wa picha mbovu. Msomaji hajali kioo ulikisugua kwa machozi kiasi gani. Anatazama picha.

Kwa hiyo nimeiandika upya sura ya Sefu. Sasa anapanda juu ya paa, anachungulia, anaona kijidoa cha kijivu. Anafikiri lenzi ina uchafu, anaifuta kwa pindo la shati, anatazama tena. Kijidoa bado kipo. Ndipo anapoelewa kwamba mwanga ule uliondoka huko kabla ya binadamu kuwapo, ukaja ukatua kwenye jicho la mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi miwili.

Niliisoma Jumamosi iliyopita. Hakuna aliyepiga makofi. Kimya. Halafu binti mmoja ambaye huwa hasemi kitu kikaoni akauliza, "Kisha akafanyaje?"

Sijui bado. Ila swali hilo nimelipenda kuliko makofi yote ya mara ya kwanza. Anayebisha na aandike toleo lijalo, kalamu zipo.